Chumba cha Giza au Mabomba ya Saruji: Kuchagua Sanaa ya Kutazama kwa Ufuo wa Kisumu

Anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Kakamega huliona Jiwe Linalolia la Ilesi kabla ya kuingia mjini. Ukiwa barabarani unaona mtu: kichwa kizito juu ya shingo ndefu, na uzi wa maji unaoteremka kama machozi. Ukishuka garini na kulikaribia, mtu yule hutoweka, nawe unabaki na mwamba mkubwa ulioketi juu ya mwamba mwingine, wenye mfereji uliolainishwa na maji. Kit Mikayi kule Seme, kando ya barabara ya Bondo, ni vivyo hivyo: rundo la miamba lenye kimo cha mita 40 hivi, ambalo jina lake la Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Hakuna mkono wa binadamu uliochonga mawe hayo. Kilichoyafanya yawe mtu na mke ni macho ya watu waliosimama mahali fulani, wakatazama kwa muda, kisha wakaambiana walichokiona.

Nimeanza na mawe haya kwa sababu sanaa ninayotaka kuilinganisha hapa hufanya kazi hiyohiyo kwa makusudi. Ni sanaa ya mahali pa wazi, iliyofungamana na mahali ilipo kiasi kwamba ukiihamisha umeiua, na mada yake si shujaa wala tukio la kihistoria, bali kitendo chenyewe cha kutazama. Kikundi chetu cha wakaazi wa upande wa Dunga kimekubaliwa kutumia kipande kidogo cha ardhi kinachotazama ziwa, na katika vikao vyetu yamewekwa mezani mapendekezo manne: umbo la chuma king'aacho kama kioo, mchoro mkubwa wa ukutani unaokamilika ukisimama mahali pamoja tu, mabomba ya saruji yaliyolengwa machweo, na chumba cha giza chenye tundu moja linaloingiza picha ya nje ukutani. Ninaandika hoja zetu kwa urefu ili kikundi kingine chenye ardhi ndogo na fedha chache, kiwe Homa Bay, Siaya au Busia, kisianze mjadala huu kutoka mwanzo.

Kipimo changu nakitoa katika lugha yetu. Katika Kiswahili mtu huona mlima, lakini pia huona baridi, huona njaa, huona haya na huona fahari. Kuona ni kile kinachokufikia, ukitake usikitake. Kutazama ni kazi unayoifanya kwa hiari, kwa shingo, kwa miguu na kwa subira. Sanaa ya aina hii inafaulu pale inapomfanya mtu atambue nafasi iliyopo kati ya vitendo hivyo viwili, yaani ajikute akitazama kwa bidii na bado haoni, kisha aone, na ajue ni nini kilichobadilika. Kwa hiyo nimeuliza kila pendekezo swali moja kabla ya mengine yote: linamtaka mtazamaji akae muda gani kabla ya kumpa kitu? Kazi inayotoa yote mara moja ni pambo, na pambo lina heshima yake, lakini hatukuomba ardhi kwa ajili ya pambo. Baada ya swali hilo ndipo yanakuja ya wizi, mafuriko, ukarabati na usalama, ambayo katika mji wetu si maswali madogo.

Chuma king'aacho na mchoro wa ukutani

Pendekezo la chuma lilikuwa na wafuasi wengi. Mfano wake unaojulikana zaidi duniani ni Cloud Gate, kazi ya Anish Kapoor iliyozinduliwa rasmi mjini Chicago mwaka 2006: umbo kama la harage, lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 10, lililoundwa kwa mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, yakachomelewa na kusuguliwa hata viungo vyake visionekane. Maghorofa ya mji hupinda juu ya mgongo wake, mawingu huteleza ubavuni, na anayepita chini yake hujikuta amevutwa na kurefushwa kama ugali usioiva. Ni kazi kubwa, na sitaki kuidharau kwa sababu tu hatuwezi kuimudu. Hata hivyo hesabu zake zinatisha: ilikadiriwa kugharimu dola milioni 6 ikafika milioni 23, sehemu yake ya chini hupanguswa kwa mkono mara mbili kila siku, na umbo zima huoshwa kwa sabuni mara mbili kwa mwaka. Yeyote aliyewahi kuegesha gari jeupe karibu na ufuo jioni ambayo vile vijidudu vya ziwani vimeinuka kama moshi atafahamu kioo chetu kingekuwaje baada ya wiki moja bila mpangusaji.

Wizi nao una uzito wake. Mwezi Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikiwemo minara inayobeba nyaya za umeme mkubwa. Ikiwa minara ile hufunguliwa vyuma usiku, bamba linalong'aa ufuoni halitapona. Jua pia lina hatari yake, ambayo wachomeleaji wetu wa Kibuye waliitaja kabla yangu: uso wa kioo uliobonyea kwa ndani hukusanya miale mahali pamoja. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street mjini London, lenye ukuta wa vioo uliopinda, liliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani, na hilo lilikuwa jua la Uingereza.

Lakini sababu yangu kubwa ya kulikataa pendekezo hili ni nyingine. Ziwa lenyewe ni kioo tayari, tena kioo kinachobadilika kila saa. Ukiweka kioo cha pili kando yake, unamgeuza mtazamaji alipe ziwa kisogo ili ajitazame mwenyewe, apige picha, aondoke.

Mchoro unaokamilika mahali pamoja ni jambo jingine, na ulinivutia kuliko nilivyotarajia. Felice Varini, msanii mzaliwa wa Uswisi, mwaka 2018 alibandika vipande vyembamba vya rangi ya manjano juu ya kuta na minara ya ngome ya Carcassonne, Ufaransa. Ukisimama mahali alipopachagua, uliona miduara kamili, mmoja ndani ya mwingine, kana kwamba imechorwa hewani mbele ya ngome. Ukisogea hatua chache, miduara ilivunjika ikawa mikwaruzo isiyo na maana. Mbinu hii ni ya zamani: Hans Holbein aliitumia mwaka 1533 kuficha fuvu la kichwa katika picha ya mabwana wawili, fuvu ambalo huonekana vizuri tu ukiitazama picha kutoka pembeni. Nasi tuna wachoraji wa mabango na wa matatu wenye mkono wa kutosha kuifanya kazi hii, wakisaidiwa na taa ya kutupia mwanga na usiku mmoja wa kuweka alama.

Kasoro yake ni ukuta. Kuta za mjini zina wenyewe, na wenyewe hao hukodisha kuta zao. Ukuta mmoja wa mtaani kwetu, ambao vijana waliuchora kwa wiki mbili, ulipakwa rangi za kampuni moja ya biashara kwa siku moja tu bila aliyeuchora kuulizwa. Mchoro wa kawaida ukipoteza ukuta mmoja hubaki na nyingine, lakini mchoro wa aina hii ukipoteza kipande kimoja umekufa wote. Halafu, mtu akishapapata mahali pa kusimama, fumbo limekwisha na hana sababu ya kurudi. Ningeuchagua bila kusita kwa uwanja wa shule, ambapo kuta zote zina mwenye mmoja na wanafunzi wapya huingia kila mwaka. Kwa ufuo sikuuchagua.

Mabomba ya saruji

Hapa ndipo ushindani wa kweli unapoanza. Nancy Holt, msanii wa Marekani, alikamilisha mwaka 1976 kazi iitwayo Sun Tunnels katika jangwa la Utah: mabomba manne ya saruji, kila moja likiwa na urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 2.7, yamelazwa kama mikono ya msalaba, yakilenga mawio na machweo ya zile siku mbili za mwaka ambapo jua hufika ukomo wa safari yake, kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Migongoni mwa mabomba Holt alitoboa matundu kwa mpangilio wa makundi ya nyota, na mchana jua hupenya humo likachora nyota hizo ndani ya kivuli. Jangwa lile ni pana mno kwa jicho, halina mahali pa kuanzia. Bomba hulikata likawa duara moja unaloweza kulitazama kwa utulivu.

Uzuri wa pendekezo hili kwetu ni kwamba malighafi yake tunayo. Kalvati, yale mabomba ya saruji yanayopitisha maji chini ya barabara, hufyatuliwa karibu kila mji wa magharibi, na fundi wa ujenzi hahitaji kufundishwa jinsi ya kuyalaza. Hakuna anayeiba kitu chenye uzito wa mamia ya kilo ambacho hakinunuliwi kama chuma chakavu. Hakuna mlango, hakuna kufuli, hakuna umeme. Pia bomba liko wazi pande zote mbili, kwa hiyo mama anayempeleka mtoto wake humo anaona mpaka mwisho kabla ya kuingia.

Hesabu zake hapa, hata hivyo, si zile za Utah, na yeyote atakayeiga michoro ya Holt bila kupima upya atakosea. Kisumu iko kusini mwa Ikweta kwa kilomita 11 hivi tu. Jua letu huzama popote kati ya nyuzi 23 kaskazini mwa magharibi na nyuzi 23 kusini mwake, ilhali kule Utah upana huo ni mkubwa zaidi. Bomba la upana wa milimita 900, likiunganishwa kufikia urefu wa mita 4 na kulengwa magharibi barabara, humpa aliyechuchumaa mwisho wa mashariki kipande cha anga cha nyuzi 13 hivi. Maana yake ni kwamba jua litazama ndani ya duara lake kwa muda wa takriban mwezi mmoja kuizunguka tarehe 20 Machi, na mwezi mwingine mmoja kuizunguka tarehe 22 Septemba. Ukitaka kulipata la Juni na la Desemba utahitaji mabomba mengine mawili yaliyoelekezwa kwingine. Tena, kwa kuwa tuko Ikweta, jua huzama wima kama jiwe kisimani: kutoka duara lake linapogusa upeo wa macho mpaka linapomezwa lote ni dakika mbili hivi. Anayefika akiwa amechelewa kidogo amelikosa.

Hilo nililiona kuwa udhaifu, nikabadilisha mawazo. Siku ambazo jua halimo, bomba huonyesha duara la maji, mtumbwi unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo, korongo mmoja aliyesimama kwenye matete. Ni ziwa lilelile ambalo watu wa Dunga hulipita kila siku bila kugeuza shingo, ila sasa lina mwanzo na mwisho. Mtoto niliyempa karatasi ngumu iliyokunjwa kama bomba atazamie alikaa nayo muda mrefu kuliko watu wazima wote tuliokuwa naye, na alichokuwa akihesabu ni idadi ya mawimbi yanayoingia na kutoka.

Matatizo yake yapo, na lazima yasemwe. Bomba lililo wazi usiku huwa malazi, na lisipoangaliwa huwa choo. Viboko hupanda ufuoni giza likiingia kutafuta majani, na kumkaribisha mtu achuchumae kwenye bomba ufuoni saa za machweo bila ukuta wa kumkinga ni kumkaribisha hatarini. Kisha kuna maji yenyewe. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango kilichoivuka hata rekodi ya mwaka 1964, na waliokuwa ufuoni wakati ule wanajua nyumba zipi ziliingiwa na maji. Chochote tutakachojenga kiwekwe juu ya alama ile ya 2020, hata kama ni kwa kurudi nyuma na kupoteza sehemu ya mandhari.

Chumba cha giza

Wengi wetu tulikutana na chumba cha giza kabla ya kujua jina lake. Katika nyumba ya mabati yenye tundu la msumari, mchana huwa kuna duara dogo la mwanga sakafuni, nalo hutembea polepole kadiri saa zinavyosonga. Tundu lenyewe huenda lina pembe, limepasuka au limepinda, lakini mwanga ule ni duara daima, kwa sababu ule si umbo la tundu bali ni picha ya jua. Kila mita moja kutoka tundu hadi sakafu huipa picha hiyo upana wa milimita 9 hivi. Tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilipopita juu ya Uganda na kaskazini mwa Kenya jioni, sisi wa Kisumu tulilipata jua lililomegwa, na kwenye ukuta wa jiko letu kila tundu la bati la upande wa magharibi lilichora hilali badala ya duara. Nilikuwa nimeziona zile duara maisha yangu yote. Siku ile ndiyo ya kwanza nilizitazama.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, aliyefariki karibu mwaka 1040. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza na kuonyesha kwamba kila taa ilitoa doa lake ukutani, na kwamba ukiiziba taa moja, doa lake peke yake hutoweka, mengine yakabaki. Kwa koroboi tatu na kipande cha kadibodi, darasa lolote la shule ya msingi linaweza kulirudia jaribio hilo. Alichothibitisha ni kwamba miale husafiri kwa mistari iliyonyooka na hupishana tunduni bila kuchanganyika, na ndiyo maana picha inayoingia husimama kichwa chini. Jicho letu ni chumba cha namna hiyohiyo, na picha ndani yake nayo imepinduliwa.

Kuna wasanii wanaojenga vyumba hivi kama sanaa. Chris Drury, wa Uingereza, mwaka 2003 alijenga kimoja katika eneo la jumba la sanaa la North Carolina, Marekani, kwa mawe, mbao na paa la majani yanayoota: ukiingia na kufunga mlango, matawi ya miti na mawingu hujichora sakafuni na ukutani. Picha za kibanda kile zilipopitishwa kikaoni, mzee mmoja alisema kinafanana na ghala la mtama, na tangu hapo hatukulijadili tena suala la umbo. Chetu kitakuwa cha mviringo, cha matofali na udongo, chenye paa la makuti au nyasi juu ya bati, na ndani kitapakwa rangi nyeusi isipokuwa ukuta mmoja uliopigwa chokaa.

Kwa tundu kuna njia mbili, na ni vyema kuzilinganisha. Tundu tupu la sentimita 1, ukuta ukiwa umbali wa mita 2, hutoa picha laini na hafifu sana. Ukiweka badala yake lenzi ya miwani ya namba +0.50, ambayo hukusanya miale mita 2 nyuma yake, unaweza kulipanua tundu hadi sentimita 4, na picha hupata mwanga mara 16 zaidi huku ikiwa kali vya kutosha kuhesabu makasia. Lenzi hiyo hupatikana kwa watengeneza miwani wa mjini na ikiibwa huwekwa nyingine. Ningechagua lenzi, lakini ningeacha pembeni tundu tupu dogo lenye kizibo, ili anayetaka aone kwamba picha huja hata bila kioo chochote. Kibao cha kushikilia lenzi kichongwe kwa jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo hutoboleka kwa urahisi na halina soko la vyuma.

Uelekeo nao unaamua mengi. Tundu likitazama magharibi, asubuhi jua liko nyuma ya chumba na linaliangaza ziwa lote mbele yake, kwa hiyo picha bora hupatikana kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, wakati ambapo mitumbwi iko katika shughuli. Mchana ukigeuka, jua huanza kuelekea tunduni na kifuniko lazima kifungwe. Chumba na bomba, basi, hata hawagombanii saa: kimoja ni cha asubuhi, kingine ni cha jioni.

Kinachonifanya nikiweke chumba mbele ni kile kinachompata mtu ndani yake. Akiingia kutoka kwenye jua la ufuoni haoni chochote. Jicho huhitaji dakika kama 10 kuanza kulizoea giza, na nusu saa au zaidi kulizoea kabisa, na hakuna fedha wala cheo kinachoupunguza muda huo. Kwanza hujitokeza wekundu hafifu, kisha mstari, kisha anagundua kwamba mstari ule ni ufuo, na kwamba kinachosogea juu yake ni maji, kwa sababu ziwa liko juu na mbingu iko chini. Gugu maji ambalo kutoka nje ni kero tu, likisukumwa na upepo huonekana humo kama wingu zito la kijani linalopita darini. Mvuvi anayetembea ufuoni anatembea kichwa chini, kushoto kwake kumekuwa kulia, na rangi ya shati lake imo. Si filamu wala picha iliyohifadhiwa: anayekiona kitu hicho anajua kwamba kinatokea sasa hivi, nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka alipokaa. Nilipofanya jaribio darasani, wa kwanza kuzungumza hakusema picha ni nzuri. Aliuliza kama nje kuko hivyo kila siku.

Watu watakipokeaje

Hofu ya giza, hata hivyo, si jambo la kupuuza, na Kisumu ina kumbukumbu yake. Mwaka 2014 mnara uliotolewa na jamii ya Wasikh, kuadhimisha karne moja ya kuishi kwao hapa, uliangushwa na waandamanaji walioona ndani yake ishara za kishetani. Waliouweka waliona zawadi. Waliouangusha waliona tishio. Wote walikuwa wakitazama jiwe lilelile. Chumba cheusi chenye mlango mmoja na tundu la kuchungulia kinaweza kusingiziwa mengi zaidi. Kwa upande huu mabomba yana nafuu kubwa, kwani hayafichi chochote.

Dawa si kulieleza jambo kwa kibao cha maandishi baada ya ujenzi. Mjini New York, mwaka 1981, Richard Serra alisimamisha Tilted Arc, ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 na ushei, uliokata kiwanja ambacho wafanyakazi wa ofisi za serikali walikipita kila siku. Kusudi lake lilikuwa kumfanya mpitaji atambue mwendo wake na macho yake. Katika kikao cha hadhara cha mwaka 1985, watu 122 walitaka ubaki na 58 wakataka uondoke. Bado jopo liliamua uondolewe, na mwaka 1989 ukakatwa. Serra alishikilia kwamba kuuhamisha ni kuuharibu, na kwa sanaa ya aina hii nakubaliana naye kabisa. Lakini kikao kile kilikuja miaka minne baada ya chuma kusimama. Katiba yetu ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, na hata bila Katiba, kikundi kitakachojenga chumba cha giza ufuoni bila kwanza kuwaita wavuvi, wachuuzi wa samaki, wachungaji na maimamu waingie, waketi, na kila mmoja azibe tundu kwa kidole chake mwenyewe aone picha ikizimika, kitakuwa kimejiletea matatizo.

Kwa hiyo uamuzi wangu unategemea ufunguo uko kwa nani. Mahali palipo na mtu wa kufungua saa mbili na kufunga saa sita, kukaa mlangoni, kuhakikisha mlango hufunguka kutoka ndani na kwamba mtoto haingii peke yake na mtu asiyemjua, nachagua chumba cha giza. Dunga pana kamati ya ufuo inayojulikana na wote, na makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na yenye boma la Kijaluo ndani yake, yangekihifadhi chumba cha namna hii vizuri zaidi yetu, ingawa hapo kingepoteza ziwa. Mahali pasipo na mtu, hata kama pana mandhari bora, nachagua mabomba, yakiwa yameinuliwa juu ya jukwaa la mawe ili yasilalike, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe makavu kama ule ambao mababu waliuweza vizuri sana kule Thimlich Ohinga. Kikundi kisichoweza kumlipa mlinzi wa asubuhi kisijidanganye kwamba kitampata baadaye.

Kwa wa Nakuru nafasi inageuka. Pale kwenye ukingo wa Menengai, shimo lenye upana wa kilomita 12 kwa 8 humzidi mtazamaji nguvu, na watu hulipiga picha kwa sababu hawajui waanzie wapi kulitazama. Bomba moja lililolengwa kwenye uvimbe mmoja wa lava lingefanya kazi kubwa kuliko chumba chochote. Kwa wa Maseno, ambako Ikweta hukata barabara ya Busia, chaguo ni la tatu na ni rahisi kuliko yote: tundu dogo darini na mstari mmoja wa kaskazini na kusini sakafuni. Duara la jua litauvuka mstari kila adhuhuri ya kweli, ambayo kwetu huwa kama saa saba kasoro robo kwa saa za ukutani mwezi Machi, na mara mbili kwa mwaka litatua chini ya tundu kabisa.

Kabla ya kikundi chochote kupiga kura, majaribio mawili hayagharimu zaidi ya asubuhi moja na jioni moja. Tafuteni chumba kinachotazama maji, zibeni madirisha kwa nailoni nyeusi na kadibodi, kateni tundu la upana wa sarafu ya shilingi 10, na mketi kimya dakika 15 bila simu, kuanzia saa tatu asubuhi. Jioni hiyohiyo azimeni kalvati moja kwa fundi anayezifyatua, ilazeni juu ya mawe ikielekea magharibi, na mtazame kwa zamu mpaka jua lizame. Andikeni kila mmoja alichokiona kabla hamjaanza kuzungumza, kisha someni kwa sauti.